Kigunduzi cha radi kinapolia bila radi, au kunyamaza penye radi

Cheche yoyote inayoruka hewani hutoa mawimbi ya redio. Radi hutoa, plagi ya pikipiki hutoa, hata swichi ya taa hutoa unapoizima. Hewa ikishapasuka na kuruhusu umeme kupita, mkondo hupanda kwa ghafla mno, na mkondo unaopanda hivyo hautulii kwenye masafa mamoja kama kituo cha redio. Hutapakaa. Kinachotofautisha cheche na cheche ni ukubwa na mwendo wake. Pigo la kawaida la radi hufika ampea 30,000 hivi, na sehemu kubwa ya nguvu yake ya redio iko chini kabisa, karibu na kHz 5 hadi 10, kisha hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Kwa hiyo radi husikika vizuri kwenye AM, lakini kwenye FM huipati: kule juu nguvu imebaki kidogo, na tena redio ya FM imeundwa kupuuza kupanda na kushuka kwa nguvu ya mawimbi.

Mwongozo huu ni wa vigunduzi vya kujitengenezea vyenye chipu ya AS3935, ile inayouzwa kwenye kibao kidogo chenye koili, ikisikiliza kHz 500 na kudai kupima umbali wa radi kuanzia kilomita 40 hadi kilomita 1. Kikisumbua, watu wengi hukimbilia kubadilisha namba kwenye programu. Huko ni kuanzia mwisho. Mara nyingi kigunduzi kimesikia cheche ya kweli kabisa, ila si ya radi, na hakuna namba itakayoiondoa cheche hiyo. Anza na sikio.

Kabla ya lolote: redio ya AM

Tafuta redio ndogo ya betri yenye AM. Iweke mwanzoni kabisa mwa bendi, kati ya kHz 530 na 600, mahali pasipo na kituo. Kituo chenye nguvu huifanya redio ijipunguzie usikivu yenyewe, na mikwaruzo midogo utaikosa. Isogeze mpaka pale pale kilipo kigunduzi, kisha sikiliza kwa dakika kadhaa. Masafa hayo yako jirani sana na kHz 500, kwa hiyo unachokisikia ndicho chipu inachokisikia.

Radi ina mkwaruzo wake. Mweko mmoja kwa kawaida huwa na mapigo matatu manne, yakipishana kwa milisekunde 40 hadi 60, na wote huisha kabla ya nusu sekunde au karibu na hapo. Sikioni huwa "krrak" fupi yenye makunyanzi, halafu kimya, halafu nyingine baada ya muda usiotabirika. Hicho cha mwisho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote: radi haina ratiba. Ukisikia kitu chenye mpangilio, tafuta mtambo.

Mngurumo mkali usiokatika, wenye sauti ya hezi 100, ni wa gridi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na nafasi yenye hitilafu huruka cheche kila volteji inapofika kileleni, mara mbili katika kila mzunguko. Inaweza kuwa waya uliolegea kwenye nguzo, soketi iliyoungua ndani, au kiungo cha ekstensheni.

Mdundo mmoja kila sekunde moja au zaidi kidogo ni fensi ya umeme. Viwango vya usalama vinataka mapigo ya fensi yasikaribiane kuliko sekunde moja, na mashine nyingi hupiga karibu na mwendo huo. Fensi nzima haina kelele. Yenye kelele ni ile ambayo nyasi mbichi au tawi limegusa waya, au kihami kimepasuka, hivyo kila pigo linaruka hadi kwenye nguzo. Usiku ukitembea kando yake unaweza kuiona cheche na kusikia "ta, ta, ta" bila redio yoyote.

Mikwaruzo inayoharakisha na kupunguza kasi ni plagi ya injini. Kijiwe cha boda boda kilicho chini ya dirisha lako kinatosha kukiharibia kigunduzi asubuhi nzima. Mlio mmoja wa "tak" mara chache kwa saa ni kidhibiti joto cha friji au pasi. Mashine ya kuchomelea vyuma huijua hata aliyelala.

Kuna kelele nyingine isiyo ya cheche kabisa: chaja za simu, balbu za LED za bei ya chini, inveta, na vidhibiti vya kuchajia betri za sola. Hivi hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na marudio ya masafa hayo hupanda hadi kHz 500 na zaidi. Namna ya kuvitambua ni kuzungusha kitufe cha redio polepole kutoka 530 hadi 1600. Kelele ya cheche hubaki ile ile bendi nzima au hupungua taratibu. Kelele ya chaja hujitokeza hapa, hupotea, hujitokeza tena mbele kwa nafasi zinazolingana.

Ukishaijua aina, tafuta upande. Ndani ya redio ya AM kuna kijiti cha feraiti kilicholala kando ya urefu wake. Kijiti kinapoelekeza ncha yake kwenye chanzo, sauti hufifia sana. Kikikaa ubavu, sauti hukua. Izungushe redio ikiwa imelala mpaka upate pale inapofifia, weka alama ya mstari huo, sogea mita 50, rudia. Mistari inapokatana ndipo chanzo kilipo. Kufifia kuna makali kuliko kukua, kwa hiyo tafuta ukimya, usitafute kelele. Ndani ya nyumba njia hii hudanganya, kwa sababu nyaya za ukutani huisambaza kelele kila upande. Humo kata swichi kuu ya umeme, redio ikiwa ya betri: kelele ikifa, chanzo ni chako, ikibaki, ni cha jirani au cha barabarani.

Kama kelele ni ya nguzo, hali ya hewa itakusaidia kuitambua. Nafasi ndogo kati ya vyuma vilivyolegea hutulia mvua ikinyesha, kwa sababu maji huiziba, kisha hurudi jua likiwaka na upepo ukivuma. Korona, yaani umeme unaovuja hewani kutoka kwenye nyaya za msongo mkubwa, hufanya kinyume: mvua na ukungu huizidisha. Pwani kuna ya tatu. Chumvi ya bahari hukaa juu ya vihami, vile vikombe vya kaure, na unyevu wa usiku ukiilowesha huanza kupitisha umeme kidogo kidogo. Sehemu inayokauka kwanza huruka cheche. Mjini Mombasa, Tanga au Unguja kelele inayoanza baada ya magharibi na kuisha jua likipanda, hasa kiangazi kikiwa kirefu na vihami havijaoshwa na mvua, anza kuishuku chumvi. Andika namba ya nguzo na ulitaarifu shirika la umeme. Usiitikise nguzo wala kuvuta waya wake wa kuzuilia ili "kuhakikisha". Waya uliolegea huko juu unaweza kukufuata.

Programu haiioni chipu kabisa

Hapa kuna mtego mmoja unaopoteza saa nyingi. Pini A0 na A1 zikiunganishwa zote na VCC (umeme chanya), anwani ya AS3935 kwenye I2C, njia ya nyaya mbili ya kuzungumza na chipu, ni 0x03 (0x huashiria namba ya heksadesimali). Programu kadhaa za kutafuta vifaa huanza kuhesabu kwenye 0x08, kwa sababu anwani za chini yake zimetengwa kwa kazi maalumu. Amri ya scan() ya MicroPython ndivyo inavyofanya, na i2cdetect ya Linux katika matoleo mapya pia, mpaka uongeze -a. Chipu ipo, inajibu, ila haijaulizwa. Soma anwani ya 0x03 moja kwa moja.

Ikikataa bado, angalia pini zinazoning'inia. SI lazima iende VCC ili chipu itumie I2C. Ikiachwa hewani au kwenye GND (hasi) itasubiri SPI, njia nyingine ya mawasiliano, milele. CS iende GND. EN_V iende VCC. A0 na A1 zisiachwe hewani, maana anwani itabadilika kila ukisogeza mkono. Weka rezista za kilo-ohm 4.7 hadi 10 kutoka SDA na SCL, zile nyaya mbili za I2C, kwenda VCC kama kibao hakina zake.

Mawasiliano yakipatikana, yathibitishe kwa namba. Andika 0x96 kwenye rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, chenye biti namba 0 hadi 7) 0x3C ili kurudisha mipangilio ya kiwandani, kisha soma: 0x00 itoe 0x24, 0x01 itoe 0x22, na 0x02 itoe 0xC2. Ukipata 0x00 au 0xFF kote, tatizo bado ni nyaya. Ukipata namba sahihi leo na za ajabu kesho, shuku viungo vya kibao cha majaribio.

IRQ haitulii, maelfu ya ishara kwa sekunde

IRQ ni pini ambayo chipu huitumia kuiita programu kunapotokea jambo. Ikipiga hivi, si radi wala kelele. Mtu ameituni antena na kusahau kuzima biti ya 7 ya rejista 0x08, inayopeleka mdundo wa antena kwenye pini ya IRQ. Izime. Ikiwa hukuituni kamwe, basi maktaba ya programu uliyopakua ilifanya hivyo na kukwama katikati. Zima umeme kabisa, subiri, washa.

Masafa ya antena: hatua isiyorukwa

Koili na kapasita za antena lazima zikutane kwenye kHz 500, kwa kosa lisilozidi asilimia 3.5. Nje ya hapo chipu haifi. Inakuwa kiziwi kidogo na umbali unaoutoa unapotoka, hivyo utaona kama inafanya kazi. Vigunduzi vingi "vibovu" viko hivi.

Weka biti 7 na 6 za rejista 0x03 kuwa 11, ili masafa yagawanywe kwa 128. Washa biti ya 7 ya rejista 0x08. Sasa hesabu midundo ya IRQ kwa sekunde moja kamili. Shabaha ni 3,906. Kinachokubalika ni kuanzia 3,770 hadi 4,043. Biti nne za chini za rejista 0x08 huongeza kapasita ya ndani, kwa hatua 15 za pikofaradi 8 kila moja. Anza na 0, panda moja moja, andika hesabu ya kila hatua, chagua iliyo karibu zaidi na shabaha. Ukiongeza kapasita, masafa hushuka. Yakipanda, unahesabu vibaya.

Hatua zote zikitoa hesabu ya juu kuliko 4,043, kapasita ya kibao ni ndogo mno. Zote zikiwa chini ya 3,770, ni kubwa mno. Kwa koili ya maikrohenri 100 jumla inayotakiwa ni pikofaradi 1,013 hivi, hivyo unaweza kukadiria cha kuongeza au kupunguza. Kuongeza ni rahisi: kapasita ya kaure aina ya C0G sambamba na koili. Epuka zile za kawaida zinazobadilika kwa joto, maana utaituni asubuhi na mchana chini ya bati itakuwa imehama. Hesabu ikiwa sifuri, au ikirukaruka bila kutulia, koili imekatika au imepasuka. Pima kwa mita, inapaswa kuwa na ohm chache tu.

Ituni ikiwa mahali itakapokaa, ndani ya boksi lake. Chuma au bati likikaribia koili, nguvu ya koili hupungua na masafa hupanda. Boksi liwe la plastiki. Kopo la maziwa ni zuri kwa mambo mengine.

Ukimaliza, zima biti ya kutoa mdundo, kisha andika 0x96 kwenye rejista 0x3D. Amri hii hurekebisha saa mbili za ndani za chipu kwa kulinganisha na antena, ndiyo maana huja baada ya kutuni na si kabla. Soma rejista 0x3A na 0x3B: biti ya 7 ikiwa 1 na biti ya 6 ikiwa 0 kwenye zote mbili, imefaulu.

Rejista 0x03 inatoa 0001 kila mara

Kwanza hakikisha unasubiri milisekunde 2 baada ya IRQ kupanda kabla ya kusoma. Ukiwahi, unasoma kitu kisichokamilika. Kisha tazama biti nne za chini tu. 0001 maana yake kelele ya daima imezidi kizingiti, 0100 ni usumbufu, 1000 ni radi. Na 0000 si hitilafu: chipu imefuta matukio ya zamani na kubadilisha makadirio ya umbali.

0001 huletwa na kelele isiyokatika, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni umeme unaokilisha kigunduzi chenyewe. Kilishe kwa betri tatu za AA kwa saa moja. Kelele ikiisha, umeshakamata chaja. Tumia kirekebishi cha volti 3.3 kisichokatakata umeme, na uweke kapasita ya maikrofaradi 10 na nyingine ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za chipu.

Mshukiwa wa pili ni ESP32, kama ndiyo kompyuta ndogo inayoendesha programu yako. Kila inaporusha Wi-Fi huvuta mkondo kwa ghafla na kuitikisa laini ya umeme. Itenge na koili kwa sentimita 30 au zaidi, na usiitumie laini moja ya 3.3 kwa zote mbili bila kapasita ya kutosha. Wa tatu ni I2C yenyewe. Mwendo wa kawaida ni kHz 100, na mara tano ya hiyo ni kHz 500 kamili. Programu inayosoma rejista mfululizo, badala ya kusubiri IRQ, inapiga kelele kwenye sikio la chipu bila kukoma. Kwa SPI, usitumie kHz 500.

Baada ya hapo tu ndipo upandishe kizingiti cha kelele, biti 6 hadi 4 za rejista 0x01, ngazi moja moja kutoka 2. Kila ngazi inaondoa kelele na inaondoa radi za mbali pia.

Usumbufu mwingi, radi hakuna

0100 inakuja kila mara, na mvua inapita na ngurumo zake bila 1000 hata moja. Hapa watu huwasha biti ya 5 ya rejista 0x03, ya kuficha usumbufu, na wanafurahi kwa ukimya. Ukimya huo ni wa pini tu. Chipu bado inaamka kwa kila cheche, inaikagua, inaikataa, na hurudi kusikiliza baada ya muda unaofika sekunde 1.5. Fensi ya umeme inayopiga kila sekunde inaweza kuifungia masikio karibu muda wote, na radi ikipiga katikati, haipati nafasi. Ficha usumbufu baada ya kuupunguza, si kabla. Mpaka hapo hesabu yake iandikwe kwenye faili pamoja na saa. Ukitazama siku mbili za rekodi utaona usumbufu unaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, na mara nyingi saa hiyo peke yake hutaja mwenye hatia.

Ukishafanya ulichoweza kwa redio na miguu, pandisha WDTH, biti nne za chini za rejista 0x01, kutoka 2 hadi 3 au 4, na SREJ, biti nne za chini za rejista 0x02, vivyo hivyo. Ya kwanza inataka ishara kubwa zaidi kabla chipu haijaamka. Ya pili inakuwa kali zaidi kwa miiba mifupi. Badilisha moja kwa wakati na uipe mvua nzima kabla ya kugusa nyingine.

Kigunduzi kinajichochea chenyewe

Kinalia mara moja kwa haki, kisha kinaendelea kulia kila sekunde chache hata anga likitakata. Tazama king'ora. Kama kinawashwa kwa relei, mguso wa relei huruka cheche sentimita chache kutoka kwenye koili inayotafuta cheche. Weka diodi 1N4007 kinyume sambamba na koili ya relei. Kwenye miguso weka rezista ya ohm 100 na kapasita ya nanofaradi 100 kwa mfululizo. Ikiwa inakata umeme wa gridi, kapasita iwe ya daraja X2. Kisha programu ipuuze chochote kwa sekunde tatu baada ya king'ora kuwaka au kuzima. Mota ndogo ya feni yenye brashi huleta hali hii hii.

Radi naiona kwa macho, kigunduzi kimya

Soma rejista 0x00 kwanza. Chipu ina ukuzaji wa aina mbili, wa ndani ya nyumba na wa nje, na majina yake huwachanganya watu. Wa nje, 0x1C, una usikivu mdogo, kwa kuwa nje hakuna kuta za kupunguza ishara. Kizingiti chake cha chini cha kelele ni mara 14 hivi ya kile cha ndani. Aliyekiweka kigunduzi sebuleni kwa 0x1C amekiziba masikio. Rudisha 0x24.

Kisha inua macho utazame paa. Bati huzuia sehemu kubwa ya mawimbi haya, na nyumba ya bati yenye nondo kwenye zege na milango ya chuma ni mbaya zaidi. Kihamishie barazani, chini ya upenu, mbali na pale waya wa umeme unapoingilia nyumbani, angalau mita 3. Kilinde na maji. Usikifungie waya mrefu wa nje ili kukiongezea usikivu: koili imeshatuniwa bila huo, na waya mrefu juu ya paa wakati wa radi ni njia ya kuiingiza radi ndani.

Angalia pia biti 5 na 4 za rejista 0x02. Zikiwa 00, kila radi hutoa ishara. Zikiwa 01, 10 au 11, chipu hunyamaza mpaka zifike radi 5, 9 au 16 ndani ya robo saa hivi. Mpangilio huo una faida yake, lakini mvua ya ghafla yenye mapigo manne itapita kimya.

Na kama ni redio ya AM inayokwaruza usiku huku kigunduzi kimetulia, hakuna kibovu. Usiku tabaka la chini la ionosfera (hewa ya juu sana yenye chembe za umeme) linalonyonya mawimbi ya AM hutoweka, na mikwaruzo ya radi za mamia ya kilomita hukufikia kwa kuakisiwa kutoka juu. Chipu imepimiwa kilomita 40.

Kigunduzi kinatangaza radi, anga ni safi

Kabla ya kukilaumu, kumbuka kwamba ngurumo haisikiki mbali. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kwa kilomita, na zaidi ya kilomita 15 hadi 20 masikio ya kawaida hayapati kitu. Radi ya kilomita 30 ni halali kabisa kwa kigunduzi, nawe unatazama nyota.

Mahali nako kuna uzito. Juu ya Ziwa Victoria mvua za radi hukua usiku kuelekea alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji. Kigunduzi cha Mwanza, Musoma, Kisumu au Entebbe kinacholia saa tisa za usiku kinaweza kuwa sahihi kuliko mwenyewe aliyetoka kutazama juu. Upande wa Kivu ni zaidi: katika takwimu za satelaiti ya TRMM, eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, lilipata mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, la pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Bukavu, kengele ya kila siku msimu wa mvua si ushahidi wa ubovu.

Kengele ya uongo ina alama zake: inakuja saa zile zile, inatoa umbali ule ule, na redio ya AM pembeni haikwaruzi pamoja nayo. Radi ya kweli hukwaruza kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja.

Umbali haueleweki

Rejista 0x07 haipimi pigo moja. Inakadiria ukingo wa mbele wa dhoruba kwa kuangalia nguvu za mapigo kadhaa ya karibuni, kwa hiyo pigo la kwanza la siku hutoa namba ya kubahatisha. 0x3F maana yake ni mbali kuliko chipu inavyoweza kupima, na 0x01 ni juu yako. Namba ikiganda baada ya dhoruba kupita, futa kumbukumbu: biti ya 6 ya rejista 0x02 iwe 1, kisha 0, kisha 1.

Ilinganishe na saa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3. Tofauti ya kilomita chache ni kawaida. Tofauti isiyobadilika ya upande mmoja, mapigo yote yakionekana mbali kuliko yalivyo, hurudisha lawama kwenye antena isiyotuniwa au kwenye bati. Hesabu hiyo ifanyie ndani. Sekunde 30 ni kilomita 10, na radi inayofuata inaweza kupiga ulipo.

Kujaribu kwa kiwashio cha gesi

Kile kiwashio cha jiko kinachobonyezwa na kutoa "tak" ni cheche halisi na ni jaribio zuri, ukijua kinachojibiwa. Kibonyeze sentimita 10 hadi 30 kutoka kwenye koili. Unachotarajia ni 0100, usumbufu, kwa kuwa cheche yake ni fupi na haina umbo la pigo la radi. Ukiipata, basi antena, chipu, IRQ na programu vinaongea. Ukipata 1000 mara kwa mara, SREJ imeshushwa mno. Ukikosa chochote hata kwa sentimita 5, rudi kwenye kutuni, na kama hesabu ya midundo ilikuwa sahihi, angalia kama IRQ imefungwa kwenye pini sahihi na programu inasubiri ukingo unaopanda.